Jina la Mtoto Kwenye Juzuu za Vivaldi

Mazoezi yalikuwa yanaelekea mwisho na sisi besi bado tunayumba kwenye ukurasa wa pili wa Gloria ya Vivaldi, yule mtunzi wa Venezia wa miaka ya 1700. Mwalimu akatupa nafasi ya kunywa maji. Dada mmoja wa alto, yule anayesoma kila kitu hadi maandishi ya nyuma ya mfuko wa unga, akainua fotokopi yake juu.

"Mwalimu, Foà ni nani? Na huyu Giordano?"

Majina hayo yalikuwa kwenye ukurasa wa utangulizi, ambao aliyetoa fotokopi aliunganisha na nota, nadhani kwa uvivu wa kuchambua. Ukurasa ulisema muziki ule umetoka Maktaba ya Taifa ya Torino, Italia, kwenye mikusanyo miwili: wa Mauro Foà na wa Renzo Giordano.

"Wafadhili hao," mwalimu akajibu. "Matajiri. Haya besi, turudi mwanzo."

Usiku nikatafuta. Mauro Foà alikuwa mtoto mchanga. Renzo Giordano naye alikuwa mtoto mdogo. Wote wawili walikufa kabla hawajajua nota ni nini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilala na kuamka na hao watoto wawili.

Masanduku ya Borgo San Martino

Mwaka 1926 shule ya bweni ya Wasalesiani katika kijiji cha Borgo San Martino, jimbo la Piemonte, ilikuwa inatafuta pesa za kukarabati majengo. Ndiyo, ni Wasalesiani hawa hawa wa Don Bosco tunaowajua Dodoma na Iringa kwa vyuo vya ufundi. Torino ndiko kwao. Shule ilikuwa na shehena ya vitabu vya muziki vya zamani, urithi kutoka kwa Marcello Durazzo, mtu wa ukoo mkubwa wa Genova aliyefariki 1922. Havikuwa na kazi pale shuleni. Mkuu wa shule akaona heri viuzwe.

Padre huyo nimempenda bure. Angeweza kumwita mfanyabiashara wa vitu vya kale, wakapatana bei uani, hesabu ikaisha. Yeye aliandika kwanza kwa Maktaba ya Taifa kuuliza vitabu vile vina thamani gani. Mkuu wa maktaba, Luigi Torri, akaikabidhi kazi kwa Alberto Gentili, mwalimu wa historia ya muziki katika Chuo Kikuu cha Torino.

Masanduku yakaletwa mjini. Ndani mlikuwa na juzuu 97. Juzuu 14 kati ya hizo zilikuwa za Antonio Vivaldi, kurasa nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, sahau kwanza Vivaldi wa leo, yule wa matangazo ya simu na muziki wa kusubirishia wateja benki. Mwaka 1926 alikuwa jina la pembeni. Wataalamu walimkumbuka zaidi kwa sababu mtunzi Bach aliwahi kuzichukua konserto zake (muziki wa ala) na kuzipanga upya kwa kinanda. Zile konserto nne za misimu ambazo dunia nzima inazijua hazikuwamo hata kwenye masanduku. Zilichapishwa Amsterdam mwaka 1725, na nakala zake zilikuwa zimetawanyika Ulaya. Kwenye masanduku mlikuwa na yule Vivaldi mwingine: wa opera, wa zaburi, wa misa, na wa konserto nyingi zisizowahi kupita kiwandani kwa mchapaji yeyote.

Gentili akajua ameshika nini. Maktaba haikuwa na pesa.

(Wasomaji wangu mlioajiriwa serikalini, sentensi hiyo ya mwisho haiwahitaji ufafanuzi.)

Tena ilikuwa maktaba yenye kidonda. Mwaka 1904 iliungua, na miswada mingi ya kale ikateketea. Sasa inaletewa hazina mlangoni na haina cha kulipa. Habari zikivuja, wafanyabiashara watafika Borgo San Martino kabla ya jua kuchwa, na juzuu zitauzwa moja moja hadi kwenye majumba ya watu wasiojuana. Torri na Gentili wakakaa kimya, wakaanza kutafuta mtu mwenye fedha na moyo.

Akapatikana Roberto Foà, dalali wa hisa wa Torino. Akanunua mkusanyo wote mwaka 1927 na kuukabidhi kwa maktaba, kwa sharti ambalo nadhani hakuna aliyethubutu kulipinga: ubebe jina la mwanawe Mauro, aliyekuwa amefariki muda mfupi kabla.

Shule ikapata pesa, maktaba ikapata Vivaldi, mtoto akapata rafu.

Nusu ya kabati

Hadithi ingeishia hapo kama Gentili angekuwa mtu wa kuridhika haraka.

Alipozikagua zile juzuu aligundua namba zake haziendi sawa. Zinaruka. Mtu fulani zamani alizipa namba kwa mfululizo, na sasa mfululizo una mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Maana yake ilikuwa moja tu: ile iliyopo mbele yake ilikuwa nusu ya maktaba. Nusu nyingine iko kwa mtu.

Ikabidi arudi nyuma kufuata mikono. Vivaldi alifia Vienna mwaka 1741, mbali na kwao Venezia, akiwa hana kitu. Miaka michache baadaye karatasi zake zilikuwa kwenye maktaba ya seneta mmoja wa Venezia, Jacopo Soranzo, mtu mwenye uchu wa vitabu usioshiba. Kutoka hapo ziliishia kwa Giacomo Durazzo, Mgenova aliyewahi kusimamia majumba ya maonyesho ya Vienna, akamuunga mkono mtunzi Gluck, kisha akawa balozi wa Austria huko Venezia. Alipokufa mwaka 1794 mali ikabaki kwenye ukoo wake, ikahamia Genova, ikatulia.

Mwaka 1893 ndugu wawili wa ukoo huo wakagawana urithi.

Mirathi, bwana.

Hawakugawana kwa watunzi, kwamba huyu chukua Vivaldi na yule chukua wengine. Waligawana vitabu kama vitu vya kugawana, sawa kwa sawa, na mtunzi mmoja akapasuliwa katikati. Nusu ya Marcello ndiyo iliyokwenda kwa Wasalesiani. Nusu ya ndugu yake ilibaki Genova, mikononi mwa mrithi aliyeitwa Giuseppe Maria Durazzo, ambaye hakuwa na haja ya pesa wala hamu ya wageni. Kumshawishi kulichukua miaka. Na alipokubali, pesa ikawa haipo tena.

Safari hii aliyejitokeza ni Filippo Giordano, mwenye kiwanda cha nguo. Mwaka 1930 akainunua ile nusu ya pili na kuitoa kwa maktaba hiyohiyo. Na yeye, kwa bahati ambayo mtunga tamthilia angeambiwa aipunguze, alikuwa amempoteza mtoto wa kiume. Renzo.

Juzuu 13 nyingine za Vivaldi zikaungana na zile 14. Jumla 27, zenye kazi zipatazo 450. Sehemu kubwa kabisa ya kila kitu cha mkono wake kilichosalia duniani imo humo.

Nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyeitunza hazina hii kwa karibu miaka 200. Soranzo alikuwa mkusanyaji. Durazzo alikuwa mtu wa fahari, ingawa yeye angalau alijua muziki. Waliofuata walikuwa na kabati tu. Kwa kipindi kirefu Vivaldi alisalimika kwa sababu hakuna aliyemfungua, na panya wa Genova, sijui kwa neema gani, hawakuwa na njaa.

Mauro na Renzo

Watafiti wa Vivaldi wana lugha yao. Hawasemi "ule mswada wa opera fulani." Wanasema "Foà 28" au "Giordano 31", kama utingo anavyotaja vituo. Majina hayo yamo kwenye tanbihi za vitabu, kwenye vijitabu vya santuri, kwenye tasnifu za watu ambao hawajawahi kujiuliza, na sasa yamo kwenye fotokopi yenye mafuta ya maandazi katika kwaya ya parokia.

Mwanzoni jambo hili lilinikera. Niliona kama ni bandiko. Mtu ametunga usiku na mchana, kifua kikimbana (Vivaldi alikuwa na tatizo la kifua maisha yake yote), halafu anayeandikwa juu ya kabati ni mtoto wa dalali wa hisa.

Kisha nikaanza kuwaza kuhusu baba.

Kwetu mtoto akifa mchanga watu wanakwambia amekuwa malaika. Mnazika, mnarudi, wanawake wanakaa na mama siku chache, na baada ya hapo jina lake halitajwi sana. Watu hufanya hivyo kwa huruma, wasije wakatonesha. Lakini nimewahi kukaa na baba wa namna hiyo, miaka baada ya msiba, akaniambia kinachomuuma siku hizi ni kwamba hakuna mtu anayelitamka lile jina. Amebaki nalo peke yake.

Foà angeweza kujenga kaburi la marumaru. Italia hawashindwi na marumaru. Badala yake alilitia jina mahali ambapo watu wasiojuana naye watalazimika kulitaja kila wanapotaka kusikia muziki fulani. Sijui kama alilipanga hivyo au alikuwa tu mtu mwenye majonzi aliyeombwa pesa siku mbaya. Vyovyote iwavyo, dada wa alto alilitamka, vibaya kidogo, mbele ya watu zaidi ya thelathini.

Hapo kero ikaniisha.

Ikaja nyingine.

Aliyezisoma namba

Ukitafuta mkusanyo wa Alberto Gentili kwenye maktaba ile, hutaukuta. Mtu aliyefungua masanduku, akatambua mwandiko, akasoma namba na kusema "kuna nusu nyingine", kabati halina jina lake.

Na hilo si baya zaidi. Gentili alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za kibaguzi zilizowafukuza Wayahudi kwenye shule na vyuo vikuu. Gentili akapoteza kazi yake. Muziki aliokuwa ameutafuta kwa miaka ile yote, ambao alitarajia kuuhariri na kuutoa, ukawa si wake tena kuugusa.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1939, kukawa na juma zima la Vivaldi mjini Siena, kwenye chuo cha muziki cha mwungwana Guido Chigi Saracini. Aliyesimamia muziki ni mtunzi Alfredo Casella. Ndipo Gloria hii tunayohangaika nayo besi iliposikika tena baada ya kulala muda mrefu. Ulikuwa ushindi mkubwa. Gentili hakuwa na nafasi ndani yake.

Kinachonisumbua zaidi ni hawa waliokuwepo. Mmoja wa waliompigia debe Vivaldi kwa nguvu miaka hiyo ni Olga Rudge, mpiga fidla Mmarekani, aliyekwenda mwenyewe Torino kupitia miswada na kuiorodhesha, kazi ya maana kabisa. Mwenzake alikuwa mshairi Ezra Pound. Pound alimpenda Vivaldi kwelikweli na alihangaika kwa ajili yake. Mtu huyohuyo, vita vilipopamba moto, alikaa mbele ya kipaza sauti cha redio ya Roma akiitetea serikali ya Mussolini na kuwatukana Wayahudi.

Nilikuwa nimeshaandika rasimu ya makala hii kwa hasira. Ilikuwa na upande wa watu wema na upande wa watu wabaya, na ilikuwa inataka jina la dalali wa hisa lishushwe na la Gentili lipandishwe. Niliipenda rasimu hiyo.

Halafu nikasoma kwamba Roberto Foà naye alikuwa Myahudi.

Rasimu ikaanguka. Yule tajiri niliyemuweka upande wa wanaonunua kumbukumbu ndiye huyo ambaye, miaka 11 baada ya zawadi yake, nchi yake ilimwambia si raia kamili. Jina la mwanawe lilikuwa tayari limo ndani ya jengo la serikali hiyohiyo, kwenye kazi ambazo serikali hiyohiyo ilikuwa inazionea fahari kama utukufu wa Italia.

Sasa nilishushe niliweke wapi?

Vita vilipoisha kazi iliendelea haraka. Mwaka 1947 Antonio Fanna alianzisha taasisi ya Vivaldi, Gian Francesco Malipiero akaongoza uhariri, na nyumba ya uchapishaji ya Ricordi ya Milano ikawa inatoa nota juzuu baada ya juzuu. Kufikia 1972 walikuwa wametoa juzuu 530 za muziki wa ala peke yake. Gentili alifariki 1954, nusu ya njia.

Mkono wake

Picha za kurasa nyingi za Torino zinapatikana mtandaoni. Nilizifungua kwa simu, nikiwa nimeishiwa usingizi, na nataka kusema kitu kimoja kwa wanakwaya wenzangu: zitazameni. Hata kama hamsomi nota, mnasoma solfa tu, zitazameni.

Mwandiko unakimbia. Kuna msafiri Mfaransa aliyekutana na Vivaldi Venezia mwaka 1739, Charles de Brosses, akaandika kwamba mzee huyo alijisifu anaweza kutunga konserto na sauti zake zote upesi kuliko mnakili anavyoweza kuinakili. Ukiona kurasa unaacha kucheka. Mikia ya nota imelala upande kwa haraka. Sehemu zinazojirudia hajaziandika, ameweka alama tu. Pale alipobadili mawazo amekwangua mistari ya kukingama juu ya vipimo vizima na kuendelea mbele, wino ukiwa haujakauka vizuri. Juu ya kazi nyingi ameweka herufi zilizofumwa pamoja za sala fupi ya Kilatini, sifa kwa Mungu na kwa Bikira Maria. Alikuwa padre, tusisahau, ingawa alikoma kusoma misa mapema kwa kisingizio cha kifua.

Kwenye mswada wa konserto moja ameandika tarakimu za kumsaidia mpiga kinanda ajue akodi zipi zishikwe, jambo ambalo mpiga kinanda mzuri hakulihitaji. Pembeni akaeleza ni kwa ajili ya nani: kwa ajili ya mabwege. Neno alilotumia ni kali kuliko hilo, ila blogu hii inasomwa na watoto.

Halafu kuna suala la fuga ya mwisho, yaani ile sehemu ambayo sauti huingia moja baada ya nyingine.

Mnaoijua Gloria mnajua inavyofunga: Cum Sancto Spiritu, sauti zinafukuzana, besi ndio tunaotangulia na ndio tunaopotea. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Si yake. Yaani msingi wake si wake. Aliuchukua kutoka Gloria ya Giovanni Maria Ruggieri ya mwaka 1708, akaupanga upya kwa namna yake. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Na tunajuaje? Kwa sababu nakala ya Ruggieri imo humohumo Torino, kati ya karatasi za Vivaldi. Aliitunza. Ikasafiri naye kutoka Soranzo hadi Durazzo, hadi Genova, hadi maktaba, ikiwa shahidi wake wa kudumu.

Enzi zile kuazima hakukuwa aibu kama leo, na mimi si wa kumhukumu. Ila programu za kwaya huandika "Vivaldi" na kupita. Ruggieri hapati hata mstari.

Na walioimba kwanza? Vivaldi aliajiriwa mwaka 1703 kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà, nyumba ya Venezia iliyolea watoto waliotupwa. Watoto waliachwa kwenye tundu maalumu ukutani. Baadhi waliachwa na nusu ya medali iliyokatwa, mama akabaki na nusu nyingine, akitumaini kurudi. Wasichana waliokuwa na kipaji walifundishwa muziki hadi Ulaya nzima ikawa inakuja kuwasikiliza. Waliimba na kupiga juu kwenye roshani, nyuma ya vyuma vya kuwaficha. Hawakuwa na majina ya ukoo. Walijulikana kwa ala au sauti: Anna Maria wa Fidla, fulani wa Teno, fulani wa Besi.

Ndiyo, wa Besi. Wanawake. Wataalamu wamebishana sana zile sauti za chini ziliimbwaje Pietà, lakini majina hayo yapo kwenye kumbukumbu za nyumba. Nilipowaambia wenzangu wa besi kwamba mstari unaotushinda yawezekana uliandikiwa binti wa miaka 20, kulikuwa na ukimya wa heshima.

Karatasi za kwetu

Nitasema kidogo tu hapa, maana nikianza sitamaliza.

Parokiani kwetu kuna kabati la chuma lenye nyimbo za miaka mingi. Solfa za mkono, karatasi zilizopigwa stensili, fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Nyingi kichwa chake kimekatwa na mashine, na pale juu kulia ndipo huandikwa jina la mtunzi. Kwa hiyo unakuta wimbo unaoimbwa kuanzia Bukoba hadi Songea na chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi "mtunzi hajulikani". Wakati mtunzi anajulikana sana. Ni mwalimu mstaafu, yuko hai, anafuga kuku, na hajawahi kuulizwa.

Wamisionari wa Consolata waliokuja Iringa mwaka 1919 walitoka Torino, mji uleule. Walileta vinanda na vitabu vya nyimbo. Sidhani kama kuna aliyewahi kufuatilia ni karatasi gani zilizobaki kwenye misheni zile, zimeandikwa na nani, na ni za Kiitaliano ngapi na za walimu wetu ngapi. Ningependa kuziona kabla ya mtu kuamua kukarabati jengo.

Opera 94

Mwanzoni mwa mwaka 1739 Vivaldi alimwandikia bwana mmoja mkubwa wa Ferrara, Guido Bentivoglio, kwamba ametunga opera 94. Mimi siiamini hiyo namba. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akitaja idadi huwa amehesabu na za kesho. Lakini hata ukiipunguza nusu, partitura (nota kamili) za opera zilizopo leo ni takribani 20, na karibu zote ziko Torino, chini ya jina la Mauro au la Renzo.

Zilizobaki zimeungua, zimefungia samaki, au zimo kwenye kabati la mtu anayesubiri kugawana mirathi.

Au zina jina la mtu mwingine. Katikati ya miaka ya 1700, Vivaldi akiwa kaburini na ameshapitwa na wakati, mnakili mmoja wa Venezia aitwaye Iseppo Baldan aliuza muziki wa kanisa kwa makao ya kifalme ya Dresden. Jina lililokuwa likiuza wakati huo lilikuwa la Baldassare Galuppi, basi Baldan akalibandika hata pasipostahili. Zaburi moja ya aina hiyo, Dixit Dominus, ilikaa Dresden kwa zaidi ya miaka 200 ikiwa imeorodheshwa kwa Galuppi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutilia shaka karatasi yenye jina lililoandikwa vizuri juu.

Mwaka 2005 mtafiti wa Australia, Janice Stockigt, akaisoma yenyewe, akaacha kusoma jina. Sasa iko kwenye orodha ya kazi za Vivaldi, namba 807.